Mwalimu asimame wapi kwenye foleni ya chanjo

Fomu iliyotufikia shuleni mwaka 2021 ilikuwa na sehemu nne za kujaza: jina, jinsia, namba ya utumishi na namba ya simu. Umri haikuuliza. Kama mtu ana kisukari au presha, haikuuliza. Juu yake paliandikwa kwamba walimu wamewekwa kwenye kundi la kipaumbele la chanjo ya Uviko-19. Mwalimu mkuu akanikabidhi mimi, mwalimu wa taaluma, nikusanye majina na kuirudisha kabla ya wiki kuisha. Kazi ya mwalimu wa taaluma ni ratiba: nani anafundisha nini, saa ngapi, darasa gani, na nani atashika kipindi mwenzake asipofika. Kwa hiyo swali la kama walimu watangulie kwenye chanjo au wasitangulie halikunijia kama mjadala wa redioni. Lilinijia kama majina ya watu ninaowafahamu, na ilinibidi nilifikirie mtu kwa mtu.

Niseme mapema ninakosimama. Walimu wanastahili kutangulizwa mbele ya watu wazima wengine wenye afya njema. Hawastahili kutangulizwa mbele ya wauguzi na madaktari, wala mbele ya wazee. Na wakitangulizwa wasiwe peke yao. Itangulizwe shule nzima, kuanzia mlinzi wa getini.

Shule inaweza kufa huku milango yake iko wazi. Katika wimbi lililotangulia chanjo, kengele ilipigwa kila asubuhi, watoto walikuwepo, madawati yalitenganishwa, ndoo za kunawia zilijazwa, lakini ofisi ya walimu ilikuwa nusu tupu. Mwalimu mmoja akithibitika ana korona, wote waliokaa naye karibu walitakiwa kujitenga siku 14, na ofisi ya walimu ni mahali ambapo kila mtu hukaa karibu na mwenzake: meza moja ndefu, marundo ya madaftari, watu wakisahihisha bega kwa bega na kusimuliana ya jana. Mgonjwa mmoja aliondoka na wenzake wanne au watano kwenye ratiba. Mwalimu wa Kiswahili akiugua niliweza kumpata wa kushika kipindi, maana tulikuwa wengi. Wa fizikia alikuwa mmoja. Alipolazwa, kidato cha nne wakakaa bila fizikia mpaka mtihani ukakaribia, na hakuna ujuzi wa kupanga ratiba unaoweza kumzaa mwalimu wa fizikia.

Mwalimu wetu wa hisabati hakurudi. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, ana kisukari ambacho wote tulikijua na presha ambayo hakumwambia mtu. Nilimwandikia mbadala kwa penseli, wiki baada ya wiki, kwa sababu sikutaka kuandika kwa kalamu.

Huko Uingereza, watafiti walipofuatilia maambukizi baada ya shule kuanza kufunguliwa Juni 2020, waliona kwamba maambukizi ya mfanyakazi kwa mfanyakazi mwenzake yalikuwa mengi kuliko ya mtoto kumwambukiza mwalimu. Nilipolisoma hilo nilitikisa kichwa kwa kukubali. Sote tulikuwa tukiwaogopa watoto, tukisimama mbali na dawati la mbele, kisha tunarudi ofisini kukaa wengi katika chumba kimoja. Hatari yetu kubwa tulikuwa tunapeana wenyewe.

Nimesikia hotuba nyingi zikimwita mwalimu shujaa, na kwamba kwa ushujaa huo achanjwe kwanza. Hoja hiyo siipendi. Dozi si nishani. Kama tunagawa kwa ushujaa, dereva wa gari la wagonjwa atakuwa wapi, na wanaochimba makaburi je? Hoja yenye miguu ni rahisi zaidi: mwalimu mmoja asipokuwepo, watoto arobaini au sitini wanakaa bure, na watoto hao hawana namna ya kuirudisha miezi hiyo. Aprili 2020, kwa hesabu za UNESCO, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walikuwa nje ya madarasa kwa wakati mmoja. Nani alirudi na nani hakurudi, kila mwalimu analo daftari lake la mahudhurio la kumwonyesha. Kwenye langu yapo majina ya wasichana ambao mwaka uliofuata tuliambiwa wameolewa.

Desemba 2020, UNESCO pamoja na Education International, shirikisho la vyama vya walimu duniani, waliziomba serikali ziwaweke walimu kwenye kundi la kipaumbele. UNICEF nayo mwezi huohuo ilisema walimu wachanjwe mara tu wahudumu wa afya na watu walio katika hatari kubwa watakapokuwa wamekwisha kuchanjwa. Kwenye vikao vyetu ilinukuliwa sana habari ya walimu kupewa kipaumbele. Habari ya watu walio mbele yao ilisahaulika upesi.

Mimi alinikumbusha mama mmoja, mwalimu mstaafu, amekwisha kuvuka miaka 70, ambaye bado alikuwa akija shuleni kutusaidia kusahihisha insha za watahiniwa. Alinikuta na ile fomu mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niandike na mimi basi."

Nikamweleza kwamba inatakiwa namba ya utumishi ya walio kazini. Akaivuta fomu, akaisoma kuanzia juu hadi chini, kidole kikifuata majina. Kikasimama kwenye jina la mwalimu wetu mpya, binti aliyetoka chuoni mwaka ule, anayefundisha michezo na kukimbia na watoto kiwanja kizima bila kuhema.

"Huyu atachanjwa kabla yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Haya," akasema, akavuta kiti na kuendelea na insha zake.

Hakunung'unika, na pengine angenung'unika ningepata cha kujibu. Nilibaki na ile fomu nikiangalia tarehe za kuzaliwa ambazo hazikuwepo. Ugonjwa huu hauko sawa kwa watu wote. Hatari ya kufa hupanda kwa kasi kubwa kadiri umri unavyosogea. Mzee wa miaka 70 na kijana wa miaka 24 wakiambukizwa siku moja, hawako katika ugonjwa mmoja. Na siku zile dozi hazikuwa nyingi. Dozi iliyoingia kwenye mkono wa yule binti haikuwa ya ziada, kuna mtu ilimpita.

Shirika la Afya Duniani lililiona hilo mapema. Mwongozo wa kamati yake ya wataalamu wa chanjo, uliotolewa Novemba 2020, uliweka kwanza wahudumu wa afya walio katika hatari kubwa ya kuambukizwa, kisha wazee, kisha, dozi zikiongezeka, watu wenye maradhi sugu pamoja na walimu na wafanyakazi wa shule wanaohitajika zaidi. Walimu waliobaki walifuata hatua ya baadaye. Mpango huo naukubali karibu wote.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Kamati yao ya chanjo ilipanga makundi tisa ya mwanzo, kwa sehemu kubwa kwa umri kushuka hadi miaka 50, ikieleza kwamba makundi hayo yalibeba takriban asilimia 99 ya vifo vinavyoweza kuzuiwa. Vyama vya walimu vilipodai kwamba baada ya hapo ifuate zamu yao, kamati ilijibu Februari 2021 kwamba itaendelea kushuka kwa umri bila kuangalia kazi ya mtu, kwa sababu kuchambua kazi za watu kungechelewesha zoezi zima. Takwimu za serikali yao zilizotolewa Januari mwaka huo zilikuwa zimeonyesha kwamba walimu, kwa ujumla wao, hawakuwa wakifa kwa kiwango cha juu kuliko watu wengine wa umri wa kufanya kazi.

Takwimu hizo sizipingi, hata kama mwenzangu mmoja alinuna niliposoma kwa sauti. Lakini zinajibu swali moja tu, la nani anakufa. Hazijibu la darasa lisilo na mwalimu. Na ile sababu ya kuchelewesha, nadhani haiihusu shule. Shule ina orodha tayari. Ina vyumba, viti, kivuli cha kusubiria, na watu wanaofika kabla ya saa moja na nusu asubuhi bila kuitwa. Muuguzi akija na boksi lake la baridi anawakuta wote mahali pamoja. Kama kuna kundi la wafanyakazi linaloweza kuchanjwa bila kupoteza muda, ni sisi.

Pia nimejifunza kutoidhania foleni hii kuwa ya kudumu. Mwaka 1955, chanjo ya polio ya Jonas Salk ilipoidhinishwa Marekani, waliotangulizwa walikuwa watoto wa madarasa ya kwanza na ya pili, maana polio iliwapooza watoto. Mwaka 2009, katika mlipuko wa mafua ya H1N1, washauri wa chanjo wa nchi hiyohiyo waliwaweka mbele wajawazito, wahudumu wa afya, walezi wa watoto wachanga na watu wote wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 24, huku wazee wenye afya wa miaka 65 na zaidi wakisubiri, kwa sababu virusi vile viliwaandama vijana. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama mwalimu atangulie, namuuliza kwanza ni ugonjwa gani. Ukija ugonjwa mwingine unaowaua watu wa miaka 25, yule binti wa michezo atakaa mbele yangu na mbele ya mama mstaafu, na sitakuwa na neno.

Sasa ile fomu. Shule yetu ilikuwa na walimu, lakini pia ilikuwa na mlinzi, wapishi, matroni wa bweni, karani, mtunza stoo na mafundi wa mkataba. Hakuna kati yao aliyekuwa na nafasi pale. Mlinzi wetu ni mzee. Kila mzazi, kila mgeni, kila mtoto aliyechelewa alisimama mbele yake, akaulizwa jina, akapimwa joto la mwili kwa kile kipimo cha kuelekeza kwenye paji la uso. Kama kuna mtu mmoja shuleni aliyekutana na pumzi za watu wote, ni yeye. Matroni alilala jengo moja na mabinti zaidi ya mia. Nilimwendea mwalimu mkuu nikamwambia siwezi kurudisha fomu yenye jina langu bila jina la mzee wa getini. Akaniambia niandike karatasi ya pili na yeye ataisaini. Ofisi iliyoituma fomu ikairudisha karatasi ile ya pili bila maelezo.

Siku ya chanjo ndiyo iliyotuokoa, kwa sababu ya chupa. Chanjo tuliyoletewa, ya AstraZeneca, ilikuwa kwenye vichupa vya dozi kumi, na kichupa kikishatobolewa kina saa sita tu, kitakachobaki kinamwagwa. Muuguzi aliyekuja alikuwa dada mmoja mkali kwa kazi yake. Akahesabu watu waliokaa kwenye viti, akahesabu tena.

"Mwalimu, nikitoboa hiki cha mwisho nataka mikono kumi. Hapa naona saba."

Walimu kadhaa hawakuwa wametokea. Sababu zao nitazisema. Nikamuuliza kama nafasi hizo zinaweza kujazwa na wafanyakazi wasio walimu. Akanitazama. "Mimi nina maelekezo nisimwage dawa. Waite." Nikamtuma mwanafunzi mbio. Mzee wa getini alikuja na koti lake la usiku, matroni akaja, na mpishi mmoja mwenye pumu akaja huku akifuta mikono. Majina yao yakaandikwa kwenye rejesta kwa mwandiko wa muuguzi, mistari mitatu ya mwisho. Nilifurahi siku ile kuliko nilivyofurahi kuchanjwa mwenyewe, lakini nilijua pia kwamba wamepata kwa sababu wengine hawakuja. Kama wote wangetokea, wangebaki nje.

Waliokosa kuja hawakuwa wavivu. Mmoja aliniambia waziwazi: "Kwa nini tuanze sisi? Lini walimu tumeanza sisi kwenye kitu kizuri?" Neno hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Watu waliozoea kusubiri mishahara na nyumba za kuishi, ukiwaambia ghafla kwamba leo mko wa kwanza, wanatafuta mtego. Uvumi kwamba tunafanyiwa majaribio ulikuwa umejaa kwenye simu zetu, na kule Ulaya mwezi Machi nchi kadhaa zilikuwa zimesimamisha chanjo ileile kwa muda zikichunguza kuganda kwa damu. Tatizo hilo lilithibitika baadaye kuwa lipo kweli, ingawa ni la nadra sana. Sikumwambia mtu yeyote kwamba ni mjinga. Nilimwomba muuguzi arudi siku nyingine, asije na sindano, aje na kiti tu. Akaja, akakaa nao ofisini, akajibu maswali mpaka yakaisha, akasema alipojua na aliposubiri utafiti. Wengi wakaenda wenyewe kituo cha afya baada ya hapo. Wachache hawakwenda, na ratiba yangu haikuwabagua.

Kumtanguliza mwalimu kuna faida moja ambayo sikuitarajia. Wazazi walianza kutuuliza. Baba mmoja alisimama nami kwenye kikao cha wazazi, akaninong'oneza kama tulikuwa tunapanga njama, "Mwalimu, wewe umechanjwa? Ukawaje?" Nikamwambia: homa usiku, mkono mzito, kesho yake nikaamka. Alirudi baadaye na mama yake mzazi kutafuta kituo kiko wapi. Kwa hiyo dozi yangu, niliyokuwa naionea haya mbele ya mama mstaafu, ilimfikisha bibi mmoja kwenye sindano.

Hiyo homa ya usiku nayo ina lake kwa anayepanga ratiba. Tulichanja kwa mafungu, siku za Ijumaa, idara moja moja, kwa sababu walimu wote wakichanjwa Jumanne, Jumatano hakuna shule. Hili ni dogo, na sikuliona likiandikwa kwenye mwongozo wowote uliotufikia.

Kisha dozi zikakauka. India, ambako Taasisi ya Serum ilikuwa ikitengeneza sehemu kubwa ya chanjo za COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo kwa nchi mbalimbali, ilielemewa na wimbi lake na kubana usafirishaji kuanzia Machi 2021. COVAX ilikuwa imelenga kufikia asilimia 20 ya watu katika nchi zinazoshiriki kufikia mwisho wa mwaka. Kwa nchi nyingi maskini lengo hilo likabaki mbali. Tuliochanjwa dozi ya kwanza tuliambiwa tusubiri ya pili kwa wiki 8 hadi 12, kisha tukaambiwa tusubiri tu. Katika kusubiri huko ndipo swali la nani alitangulia lilipokuwa zito. Mama mstaafu alikuwa bado hajapata hata moja. Alipata miezi mingi baadaye, chanjo ya aina nyingine, kwenye orodha ya wazee, na nashukuru kwamba alifika siku hiyo akiwa hai. Sikuwa na haki ya kuitegemea bahati hiyo.

Kuna jambo moja linalonitia hofu hata leo, nalo ni kufanya chanjo ya walimu kuwa ufunguo wa shule. Uganda ilifunga shule Machi 2020, ikafungulia baadhi ya madarasa kwa vipindi, ikafunga tena, na watoto wote wakarudi Januari 10, 2022. Kwa sehemu ya muda huo ufunguzi ulifungamanishwa na kuchanjwa kwa walimu na makundi mengine. Kwa baadhi ya watoto ilikuwa karibu miaka miwili. Marekani, Machi 2021, Rais Biden aliyataka majimbo yote yawape walimu na wafanyakazi wa shule angalau dozi moja kabla mwezi haujaisha, na Aprili mamlaka ya afya ilitangaza kwamba karibu asilimia 80 yao wameipata. Nchi yenye dozi za kutosha inaweza kuahidi hivyo. Nchi inayosubiri meli, ikiufungia mlango wa darasa kwenye kichupa, inamwadhibu mtoto kwa upungufu ambao hakuusababisha yeye wala mwalimu wake. UNESCO na UNICEF zilidai kipaumbele kwa walimu huku zikitaka shule zifunguliwe. Madirisha wazi, barakoa, vikundi vidogo, ofisi ya walimu ihamie chini ya mti: hayo yalifanyika bila kusubiri dozi, na yalisaidia.

Baadaye niliitwa kwenye kikao cha walimu wa taaluma na maofisa elimu, tukaulizwa nini kibadilike kama litatokea tena. Nilitoa mambo manne. Fomu iwe ya wafanyakazi wote wa shule, wenye ajira ya kudumu na vibarua. Habari ya maradhi aichukue muuguzi, faraghani, isipite mikononi mwa mwalimu mwenzako, maana mwenzetu wa hisabati aliificha presha yake hadi mwisho na sidhani angeiandika kwenye karatasi inayozunguka ofisini. Wastaafu wanaokuja kusaidia waandikwe na waelekezwe kwenye orodha ya wazee siku hiyohiyo. Na majina yapangwe kwa tarehe ya kuzaliwa, mkubwa kwanza.

Matatu ya mwanzo yalipita bila ubishi. La nne lilikataliwa na walimu vijana, waliokuwa wengi ukumbini. Walisema linawarudisha nyuma na wao ndio wenye vipindi vingi. Ni kweli linawarudisha nyuma, na ni kweli wana vipindi vingi, mimi ndiye niliyewapangia. Niliwaambia wiki chache za kusubiri kwa mtu wa miaka 25 haziwezi kupimwa na wiki hizohizo kwa mtu wa miaka 58, na kwamba nitalirudisha jambo hilo kwenye kikao kijacho na kijacho tena. Mwenyekiti akaandika "linaendelea kujadiliwa".